Tumeambiwa familia nzima, mpaka kichanga, twende kunyooshwa mgongo kila mwezi. Kuna ukweli?

#1 MamaTatu (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Naomba mnisaidie kabla hatujatoa hela.

Mume wangu ni dereva wa lori, Dar–Tunduma. Kiuno kinamsumbua tangu mwaka jana. Mwenzake akampeleka kwa mtu wa kiropraktiki, wale wanaokulaza kitandani wanakusukuma mgongo mpaka ulie ko! Karudi na nafuu, na nafuu yenyewe nimeiona kwa macho yangu: siku hizi anafunga kamba za viatu mwenyewe, zamani nilikuwa namfunga mimi.

Sasa huko kaambiwa kwamba pingili zikisogea hata kidogo zinabana mishipa ya fahamu, na hapo ndipo maradhi mengi yanapoanzia. Kwa hiyo familia nzima ikaguliwe kila mwezi, awe anaumwa au haumwi. Kuna kifurushi cha watu sita, laki tatu na nusu kwa mwezi.

Sita wenyewe: baba. Mimi, mgongo unauma tangu nilipochomwa ile sindano ya ganzi ya mgongoni siku ya upasuaji wa kujifungua. Kijana wa darasa la sita, begi lake zito mpaka anatembea ameinama. Binti wa miaka minne, mzima kabisa. Kichanga wa wiki saba, analia kuanzia saa moja jioni mpaka saa nne usiku. Na mama mkwe, miaka 68, mgongo wa juu unamuuma mwezi wa nne sasa, kapungua, usiku anatoka jasho, tunasema ni uzee.

Twende au tusiende?

#2 Jembe_la_Tandika
Dada, kiuno cha dereva ni figo hizo. Anakunywa maji kidogo ili asisimame njiani kukojoa. Anywe maji lita tatu kwa siku, mgongo utapona bila kusukumwa na mtu.

#3 Babu Kigoda
#2 kijana wangu, figo haiponi kwa kusukumwa, na yeye keshapata nafuu baada ya kusukumwa. Hiyo ni ngiri. Mwanaume akikaa sana juu ya injini ya moto ngiri inapanda kiunoni. Sisi tulikuwa tunachemsha mizizi, siku tatu mtu anarudi shambani.

#4 FizioMwanza
Salaam. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, mwaka wa 11 kazini. Mleta uzi, nitayarudia mengine, ila kuna mtu mmoja umempitia haraka sana: mama mkwe.

Miaka 68, mgongo wa juu, miezi minne, kupungua uzito, jasho la usiku. Huyo asisukumwe na mtu yeyote. Mpelekeni hospitali wiki hii, apigwe picha na apimwe kifua kikuu. TB inaingia kwenye pingili za uti wa mgongo na inazila taratibu, na wengi wa namna hiyo hawakohoi hata kidogo, ndiyo maana familia zinachelewa. Hata ikiwa siyo TB, umri huo mifupa huwa imepungua nguvu, na mfupa wa hivyo haupigwi msukumo. Kama mnafuga au mmetumia maziwa mabichi mwambieni daktari pia, maana ugonjwa wa brusela, unaotoka kwa mifugo, nao unauma mgongo na kutoa jasho.

Miguu ikianza kulegea, au akashindwa kuzuia mkojo, au akahisi ganzi sehemu anayokalia, msisubiri asubuhi. Usiku uleule.

Dawa za TB nchini ni bure. Laki tatu na nusu yenu iacheni mfukoni kwanza.

#5 MamaTatu (mleta uzi)
#4 umenishtua. Kukohoa hakohoi kabisa, ndiyo maana hatukuwaza. Maziwa tunanunua kwa jirani, ila tunachemsha. Naongea na baba watoto usiku huu.

#6 Mkazi wa Umoja
Wadau, Nairobi hapa. Naungana na #4 kuhusu mama, lakini msiifunge kiropraktiki yote kwenye gunia moja. Mimi ni mhasibu, nakaa kwa kompyuta siku nzima, shingo ilikuwa imekataa kugeuka. Nilienda kwa daktari wa kiropraktiki aliyesoma Afrika Kusini. Vyuo vya Durban na Johannesburg vinaifundisha hadi shahada, na huko wanasajiliwa na baraza la serikali. Alinipima reflexi, yaani anagonga kiungo aone kama kinaruka chenyewe, akauliza maswali karibu nusu saa kabla hajanigusa. Akanitibu mara tano, akanipa mazoezi, akaniambia nisirudi mpaka niumwe tena. Hakuna kifurushi.

Kwa hivyo swali la kumuuliza huyo wenu ni moja: atamaliza lini na mimi? Akikosa jibu, ondokeni.

#7 Dada Mzani
Kwani kiropraktiki si ilianzishwa na madaktari wa mifupa wa Uingereza baada ya vita kuu ya pili? Nilisikia redioni.

#8 Mtu wa Uvira
Bandugu jambo yenu. #7 hapana, dada. Mimi naishi Iowa, Marekani, na mji wenyewe ilipoanzia ni hapa karibu, Davenport, kando ya mto Mississippi. Mwaka ni 1895, tarehe 18 mwezi wa 9. Mwenye kuanzisha ni D. D. Palmer, na hakuwa daktari wa mifupa. Alikuwa ameuza duka la vyakula, kisha akawa anatibu watu kwa kile alichokiita sumaku ya mwili. Mgonjwa wa kwanza ni Harvey Lillard, mtu mweusi aliyekuwa anasafisha jengo lilelile, masikio yake hayakusikia vizuri. Palmer alisema Lillard alimwambia kwamba miaka 17 nyuma aliinama, kitu kikalia mgongoni, tangu hapo kusikia kukapotea. Palmer akasukuma pingili, na Lillard akasema anasikia magurudumu ya mikokoteni barabarani.

Mwaka 1897 akafungua shule, na iko hadi leo. Nimepita mbele yake mara nyingi nikienda kazini.

#9 Dada Mzani
Ahsante kaka, nimejifunza. Kwa hiyo inatibu uziwi?

#10 FizioMwanza
#9 mshipa wa fahamu wa kusikia unatoka kwenye ubongo na kuingia sikioni ndani ya fuvu. Haupiti kwenye pingili za mgongo. Lillard alipata nini siku ile mimi siwezi kusema, ila njia aliyoieleza Palmer haipo mwilini.

Na hapo ndipo mzizi wa maneno aliyoambiwa baba watoto. Palmer aliamini karibu magonjwa yote yanatokana na pingili zilizohama. Wafuasi wake waligawanyika mapema: wapo walioshika imani hiyo nzima, wapo wanaotibu misuli na viungo tu, kama huyo wa #6. Baraza linalowasimamia Uingereza lilitamka mwaka 2010 kwamba hakuna utafiti wa kitabibu unaoruhusu kudai kuhama kwa pingili ndiko chanzo cha magonjwa. Ni baraza lao wenyewe, siyo wapinzani wao.

#11 Jembe_la_Tandika
Sasa mbona jamaa kapona? Nafuu haidanganyi. Anafunga kamba!

#12 FizioMwanza
#11 swali zuri, na sitaki kumnyang'anya nafuu yake. Kuna mambo matatu. Kwanza, kiuno kinachouma huwa na vipindi, na mtu huenda kutibiwa siku ambayo maumivu yamefika kileleni, kwa hiyo hata asipofanya kitu mengi hushuka. Pili, kusukumwa kunalegeza misuli iliyokaza na mwili unapunguza kengele ya maumivu kwa muda. Tatu, alipata ujasiri wa kuinama tena, na kuinama kwenyewe ni dawa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno Desemba 2023. Kusukuma mgongo kumo kwenye orodha ya yanayoweza kusaidia, pamoja na kukandwa, mazoezi na elimu. Kwa hiyo kwa baba siipingi. Visivyopendekezwa ni mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine, na dawa kali za jamii ya morfini.

#13 Duka la Mkanda K/Koo
#12 mkuu unaniharibia biashara. Mikanda yangu madereva wanaisifu mno. Mtu anavaa hapa, anafika Tunduma hajalalamika.

#14 Babu Kigoda
#13 akifika Tunduma aivue, ndipo utasikia kama halalamiki. Ngiri haizuiliwi na mkanda.

#15 Bi Mkandaji wa Ng'ambo
Assalaam alaykum. Mimi nakanda Unguja, kazi nimerithi kwa bibi yangu. Hayo ya ko ko sisi hatuyataki. Mtu analazwa kifudifudi kwenye mkeka, mafuta ya nazi yaliyopashwa na karafuu, unaanzia kwenye unyayo, kwa sababu kiuno hukamatwa kutoka nyuma ya mapaja. Dereva miguu yake imekauka kwa kukanyaga klachi. Mgonjwa wa kiuno asiyeguswa mapaja hajakandwa.

Na wewe MamaTatu, baada ya kujifungua ulifungwa tumbo? Ulikandwa siku arubaini? Wasichana wa siku hizi wiki ya pili wameinama wanafua, kisha wanalaumu sindano.

#16 MamaTatu (mleta uzi)
#15 Waalaykum salaam bibi. Sikukandwa, nilikuwa na mshono. Na ni kweli wiki ya tatu nilikuwa nafua. Lakini maumivu yapo palepale ilipoingia sindano, nikigusa nasikia.

#17 Mkunga Mstaafu
Mwanangu MamaTatu, nimezalisha na kupeleka akina mama chumba cha upasuaji miaka thelathini. Kila mwenye mgongo aliyechomwa anataja sindano. Lakini waliojifungua kawaida, bila sindano, nao wanakuja na mgongo uleule, na ni wengi. Ujauzito wenyewe unalegeza kano za nyonga, tumbo linavuta kiuno mbele, misuli ya tumbo inatanuka. Kisha unakaa kitandani bila egemeo, unainamia ziwa la mtoto mara kumi kwa siku. Pale palipochomwa panaweza kuwa na kidonda kwa siku kadhaa, basi.

Mlete mtoto juu kwenye ziwa, usilipeleke ziwa chini kwa mtoto. Weka mto mapajani. Fua umesimama, beseni likae juu ya meza au ukuta wa karo. Ufanye hivyo mwezi mmoja kisha urudi hapa uniambie.

Kuhusu kichanga: wiki saba, kulia jioni, ananyonya na kuongezeka uzito? Kama ndiyo, huo ni msokoto wa tumbo, unapanda kuelekea wiki ya sita hivi na unakwisha mwezi wa tatu au wa nne. Atakayemsukuma leo atasifiwa mwezi ujao kwa jambo ambalo lilikuwa linakwisha lenyewe. Akiwa na homa, anatapika kijani au anakataa ziwa, hospitali moja kwa moja.

#18 Mtu wa Uvira
Kwa mtoto mimi naungana na mama wa #17. Australia mwaka 2018 kulitokea video ya mtoto wa wiki mbili anatibiwa mgongo Melbourne, watu wakakasirika sana. Mwaka 2019 bodi inayosimamia watu wa kiropraktiki ikawaambia wasimamishe kusukuma mgongo wa mtoto wa chini ya miaka 2. Mtoto wangu mwenyewe alilia miezi mitatu. Tulimbeba mgongoni kwa kitenge, tukatembea naye ndani ya nyumba, theluji nje. Ndiyo dawa tuliyokuwa nayo.

#19 Dada Mzani
Na mbeleko je, haimpindi mtoto miguu? Shemeji yangu nesi Ulaya anasema tuache.

#20 Mkunga Mstaafu
#19 mtoto akikaa mgongoni miguu imepanuka kama chura, nyonga zake zinakaa vizuri kwenye vikombe vyake. Kinachoharibu nyonga ni kumfunga miguu imenyooka kama mwiko. Shemeji huenda anachanganya hayo mawili. Mbeleko iendelee, hakikisha tu pua ipo wazi.

#21 Kinyozi wa Sinza
Wakuu, nimesoma kimya kimya toka jana. Mimi ni kinyozi, na sisi mteja akimaliza kunyolewa tunamkanda mabega kisha tunamvunja shingo, kulia na kushoto. Wateja wanaipenda, wengine wanakuja kwa ajili ya hiyo tu. Je, nayo ina shida?

#22 FizioMwanza
#21 nashukuru umeuliza. Ndani ya pingili za shingo kuna mishipa miwili ya damu inayopanda kwenda ubongoni. Shingo ikizungushwa kwa nguvu na ghafla, ukuta wa ndani wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda, mtu akapata kiharusi, hata kijana. Ni nadra. Lakini wewe unafanya watu wangapi kwa wiki, bila kujua nani ana presha, nani aliamka na maumivu mapya ya shingo? Kanda mabega, kanda kichwa, shingo usiivunje.

Na ile sauti haina maana ya pingili kurudi mahali pake. Ni uwazi wa gesi unaojitokeza kwenye ute wa kiungo kikivutwa ghafla. Mwaka 2015 watafiti Kanada waliupiga picha kwa MRI, mashine inayoonyesha ndani ya mwili, vidole vikivutwa. Kiungo kinaweza kulia na tatizo likabaki, na kinaweza kutolia na mtu akapona.

#23 Kinyozi wa Sinza
Nimeelewa mkuu. Kesho nawaambia vijana wangu wawili. Mabega tu.

#24 Mkazi wa Umoja
#22 kwa shingo nakubali ni hatari kwa asiyesoma. Ila yangu ilisukumwa na aliyesoma, baada ya kunipima presha na kuniuliza maswali yote, na sijajuta. Usiandike kana kwamba kinyozi na daktari ni mmoja.

#25 FizioMwanza
#24 tofauti ipo, nakubali. Hata hivyo kwa shingo mimi bado huanza na njia za polepole. Hapo hatutakubaliana, na ni sawa.

#26 Mwalimu Begi
Turudi kwa kijana wa darasa la sita. Mimi ni mwalimu. Haya mabegi yanapinda migongo ya watoto wetu, nimewaona kwa macho. MamaTatu, pima begi. Lisizidi asilimia kumi ya uzito wake.

#27 MamaTatu (mleta uzi)
Nimepima dukani. Begi kilo 7, mtoto kilo 34. Ndani kuna madaftari ya masomo yote ya wiki, chupa ya maji, na mawe mawili ya kuchezea!

#28 FizioMwanza
Toa mawe kwanza. Lakini mwalimu, hiyo ya kupinda tuiangalie upya. Tafiti nyingi zilikusanywa pamoja mwaka 2018 na hazikukuta ushahidi wa kuaminika kwamba begi ndilo linaloleta maumivu ya mgongo kwa watoto. Mgongo uliopinda upande kwa umri huo mara nyingi hauna sababu inayojulikana. Mwinamishe mbele bila shati. Ukiona upande mmoja wa mbavu umeinuka kuliko mwingine, mpeleke. Usipoona, mwache acheze mpira.

#29 Mwalimu Begi
#28 utafiti ni wako, lakini mimi nawaona saa nane mchana wanavyotembea. Kilo 7 kwa kilo 34 ni mzigo wa punda.

#30 Babu Kigoda
Mama zetu walibeba ndoo ya lita ishirini kichwani kutoka mtoni, na wamekufa wamenyooka kama mshale.

#31 Mkazi wa Umoja
Babu umenikumbusha. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu kina mama wa Kiluo na Kikuyu hapa Kenya. Waluo walibeba kichwani, Wakikuyu kwa kamba ya paji la uso. Mpaka asilimia 20 ya uzito wao, mwili haukutumia nguvu ya ziada hata kidogo. Hiyo ni karibu sawa na kilo 7 kwa 34!

#32 Dada Mzani
#31 lakini hao walijifunza tangu utotoni, na wana kata kichwani. Mtoto wa Mbagala na begi la kamba moja begani si sawa. Na shangazi yangu alibeba ndoo maisha yake yote, leo shingo haigeuki. Walionyooka mnawakumbuka, waliopinda mmewasahau.

#33 Jembe_la_Tandika
Jamani na godoro? Mimi daktari aliniambia nilale kwenye mbao.

#34 FizioMwanza
#33 Hispania walijaribu mwaka 2003 na watu wazima 313 wenye kiuno. Godoro la ugumu wa kati lilishinda lile gumu. Ukilala chini na ukaamka vizuri, endelea. Ukiamka umekakamaa, panda juu. Na figo zako zipime, usizitibu kwa kukisia.

#35 MamaTatu (mleta uzi)
Wakuu, samahani kwa kimya cha wiki mbili.

Mama tulimpeleka. Picha imeonyesha pingili mbili zimelika na moja imeanza kubonyea. Wamechukua sampuli, tunasubiri majibu. Daktari amesema asibebe kitu, asiiname, na asiguswe mgongo na mtu. Alipouliza tangu lini nikasema miezi minne, nilishindwa kumtazama machoni. Jasho lile la usiku mimi ndiye niliyekuwa nafua mashuka.

Kichanga bado analia, ila jana kalala saa tatu usiku. Anaongezeka uzito. Begi sasa ni kilo 4, mawe yametolewa kwa vilio. Mimi nafua nimesimama.

Baba watoto ndiye hatujaelewana. Anasema yeye ataendelea kwenda, ni mgongo wake na ni kazi yake. Nimemwambia aulize lile swali la #6, utamaliza lini na mimi. Kajibiwa kwamba mgongo ni kama gari, sevisi haina mwisho. Amelipenda jibu hilo kwa sababu ni dereva.

#36 FizioMwanza
Mmefanya vyema kumpeleka, na hamjachelewa kama anatembea. Miguu muiangalie kila siku.

Mwambie baba: Australia walichukua watu wazima 701 waliotoka kupona kiuno, nusu wakapewa mpango wa kutembea kwa miguu na maelekezo. Matokeo yalitoka 2024. Waliotembea walikaa siku 208 hivi kabla maumivu hayajarudi, wengine siku 112. Kila anaposimama kupumzika njiani azunguke lori lake dakika kumi. Kama anataka sevisi, hiyo ni sevisi, na haina kifurushi.

#37 Mkazi wa Umoja
Aende mara mbili tatu zaidi kama inamsaidia, na atembee pia. Havigombani.

#38 Babu Kigoda
Pole sana kwa mama. Kwa baba, mizizi ipo, niandikie pembeni.

#39 Bi Mkandaji wa Ng'ambo
MamaTatu, pole mwanangu. Ningekuwa jirani yako, mama yule ningeshamkanda tangu mwezi wa kwanza, na ningemkandamiza palepale panapouma, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Usiku nimewahesabu wazee niliowakanda mwaka huu waliokuwa wanakonda. Wawili nakumbuka majina. Kesho nakwenda kuwaangalia nyumbani kwao.

Majibu ya sampuli yakitoka, tujulishe.